Kufunga injini ya dizeli ya 1HZ katika Land Cruiser FJ75 ya petroli, hatua kwa hatua

Land Cruiser FJ75 zilizoundwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 bado zina chesisi imara na ekseli zisizochoka, lakini injini yake ya petroli ya 3F, yenye silinda sita na ujazo wa cc 3955, hunywa mafuta kiasi kwamba wenye magari wengi huishia kuyaegesha. Mwaka 1990 Toyota ilianza kuuza HZJ75, gari la familia hiyohiyo lililofungwa dizeli ya 1HZ ya cc 4164, isiyo na tabo wala kompyuta. Kwa sababu hiyo karibu kila kifaa unachohitaji kipo kiwandani tayari, na fundi hana haja ya kubuni. Nimeshaona kazi nyingi za namna hii, na msimamo wangu ni mmoja: mafanikio yake huamuliwa siku ya kununua injini, si siku ya kuifunga.

Kabla ya kushika spana, shughulikia karatasi. Nchini Tanzania kadi ya gari hutaja namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta, kwa hiyo injini mpya lazima iwe na hati halali za ununuzi na taarifa zibadilishwe TRA (Mamlaka ya Mapato). Nchini Kenya jambo hilo hupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mjulishe pia aliyekukatia bima.

Hatua ya 1: Kununua injini

Tafuta 1HZ iliyotoka kwenye HZJ75, na inunue ikiwa seti kamili. Injini nyingi za 1HZ zilizopo sokoni zimetoka kwenye mabasi ya Coaster, na bei yake huvutia, lakini sampu yake ya oili ina umbo jingine, mikono ya kuishikilia iko tofauti, na zile zilizotoka Japani kwa kawaida ni za volti 24. Ukijumlisha gharama ya kubadilisha vyote hivyo, unafuu wa bei huwa umekwisha.

Kwangu, seti kamili ni injini pamoja na giaboksi yake na transfa (boksi linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), flaiwili na klachi, starta, alteneta, pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwa presha hadi kwenye nozeli), pampu ya vakyumu na mipira yake, mikono ya mauntingi ya upande wa injini na ya upande wa chesisi, rejeta na kava la feni, boksi la chujio la hewa, kichwa cha chujio la dizeli chenye pampu ya mkono, waya zote bila kukatwa, na dashibodi ikiwezekana. Giaboksi ni muhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani: kengele ya giaboksi ya 3F, yaani kava la mbele linalofungwa kwenye injini, haikai kwenye mgongo wa 1HZ, na adapta za kuchongwa mtaani zisipokaa kwenye mstari sawasawa na krenkishafti huua beringi ya mbele ya giaboksi. Giaboksi ya gia tano ya H55F, iliyotumika kwenye HZJ75, ndiyo ninayoipendekeza.

Usilipe kabla ya kuipima. Dai kipimo cha kompresheni cha silinda zote sita injini ikiwa na moto. Ninapenda kuona zaidi ya psi 400 katika kila silinda, na tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi takriban psi 70. Kisha iwashwe ikiwa na maji, kifuniko cha rejeta kikiwa kimeachwa wazi tangu injini ikiwa baridi, na utazame mdomo wa rejeta kwa dakika kadhaa. Povu dogodogo lisilokoma ni dalili ya gasketi iliyokufa au silinda hedi iliyopasuka, na 1HZ iliyowahi kuchemka hujulikana kwa nyufa za hedi. Hapo ondoka, hata kama muuzaji atapunguza bei.

Hatua ya 2: Kutoa 3F

Ondoa betri, toa petroli yote kwenye chombo ukiwa mahali pa wazi, kisha toa boneti, grili na rejeta ili chein bloki ipate nafasi. Shusha propela shafti zote mbili, fungua mauntingi, na utoe injini, giaboksi na transfa vikiwa pamoja. Bandika alama kwenye kila waya unayoitenganisha. Kabureta, distributa, koili na pampu ya petroli havitarudi.

Hatua ya 3: Kuiandaa 1HZ ikiwa chini

Kazi inayochukua saa moja injini ikiwa sakafuni huchukua siku nzima ikiwa ndani ya gari. Weka mkanda mpya wa taimingi na beringi yake ya kukaza, kwa kuwa mkanda huo huendesha kemushafti na pampu ya nozeli kwa pamoja, na muda wake kwa kawaida ni kilomita 100,000. Linganisha alama za krenkishafti, kemushafti na pampu, kisha zungusha krenkishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili na uzitazame tena. Ukihisi kizuizi, simama, kwa sababu valvu za injini hii hugongana na pistoni taimingi ikikosewa. Badilisha sili ya mbele na ya nyuma ya krenkishafti, pampu ya maji, thamostati na diski ya klachi. Nozeli zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima, lakini pampu yenyewe usiifungue kama haivuji na injini iliwaka vizuri.

Hatua ya 4: Kuikalisha

Ning'iniza injini pamoja na giaboksi katika nafasi yake na uache chein bloki ibebe uzito wakati unapima. Feni iwe na nafasi ya kutosha hadi kwenye rejeta, na sampu isiguswe na ekseli ya mbele hata springi zikibonyea hadi mwisho. Mikono ya chesisi ichomelewe nukta chache kwanza, ishushiwe uzito wa injini, ipimwe tena, ndipo ichomelewe moja kwa moja na fundi anayejua chesisi. Betri na alteneta viwe vimetenganishwa wakati wa kuchomelea.

Transfa itakuwa imehama kidogo kutoka mahali pake pa zamani, hivyo propela shafti hukatwa au kurefushwa na kusawazishwa kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha. Chunguza pia uwiano wa difu, yaani propela huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu: 4.11 huifaa 1HZ, ambayo nguvu yake ni takriban farasi 130, wakati 3.70 huifanya gari kuwa nzito mlimani.

Hatua ya 5: Mafuta

Shusha tenki, lisafishwe hadi ndani, kwa sababu dizeli huosha uchafu uliokaa miaka mingi na kuupeleka moja kwa moja kwenye pampu. Funga mpira mpana wa kupeleka na mpira wa kurudisha usio na kizuizi; dizeli ya ziada kutoka kwenye pampu na nozeli lazima irudi tenki. Chujio liwe la aina inayotenganisha maji. Mipira ibanwe kwa klipu nzuri, kwani upande wa kuvuta mafuta, tundu lisilovujisha hata tone linaweza kuingiza hewa na kuifanya injini igome kuwaka asubuhi.

Hatua ya 6: Breki

Hapa naomba msomaji atulie. Injini ya petroli huisaidia sevo ya breki, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako, kwa mvuto unaotokea kwenye manifoldi, lakini 1HZ haina kizibo cha hewa cha aina ya kabureta, kwa hiyo mvuto huo haupo. Bila pampu ya vakyumu, pedali itakuwa ngumu na gari la tani mbili halitasimama kwa wakati. Unganisha pampu na sevo kwa mpira mgumu wa vakyumu wenye valvu ya njia moja, usiwe mpira wa maji wala wa mafuta, kwa kuwa hiyo hujibana ikivutwa. Pima hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, iache mguu ukiwa juu yake, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo yenyewe. Isipozama, gari lisitoke gereji.

Hatua ya 7: Umeme

Starta, alteneta, plagi za joto, na solenoidi (valvu ya umeme) ya kuzima mafuta iliyo kwenye pampu ya nozeli, vyote viwe vya volti ileile ya gari. Solenoidi hupata umeme funguo ikiwa imewashwa na kukatiwa funguo ikizimwa. Ukiisahau, injini haitawaka, na ikiungwa moja kwa moja na betri, haitazimika. Plagi za joto hupitia rilei yake na waya nene. Geji ya mizunguko ya 3F ilisoma mapigo ya koili, hivyo haitafanya kazi tena. Ndiyo sababu nilitaja dashibodi.

Bomba la moshi huundwa upya kuanzia manifoldi. Rejeta iwe ya dizeli, na kava la feni lisiachwe.

Hatua ya 8: Kuwasha

Jaza oili ya 15W-40 na maji. Piga pampu ya mkono hadi iwe ngumu, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, kisha zungusha starta kwa vipindi vifupi. Mwanzo utaona povu jeupe likichuruzika kwenye nati. Likigeuka kuwa dizeli safi inayotoka kwa mdundo, kaza moja baada ya nyingine. Subiri taa ya plagi za joto izimike, washa. Usipulizie etha hata kidogo, kwa sababu hukutana na plagi za moto na kulipukia ndani. Msaidizi asimame na kipande cha ubao cha kuziba njia ya hewa endapo injini itakataa kuzimika.

Tazama presha ya oili mara moja, acha sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) itulie karibu na mizunguko 650 kwa dakika, fungua hita ili hewa itoke kwenye maji, na uchunguze kila kiungo kwa tochi. Baada ya kilomita 500, kaza upya mauntingi, propela na manifoldi, na ubadilishe chujio la dizeli hata kama linaonekana safi, kwa sababu tenki la zamani huendelea kutoa uchafu wake katika safari hizo za mwanzo.