Sentensi moja ya karafuu inatosha wiki nzima: kusoma na kuandika darasa la kwanza

Walimu wenzangu, mie nafundisha darasa la kwanza huku Pemba, watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa kwenye jamvi, vitabu havitoshi, kwa hiyo nataka niwape hii njia naitumia kila wiki. Tafuteni katoni, mkasi, makapeni (kalamu nene za wino), na mchanga kwenye sinia.

Hatua ya 1. Waacheni waseme kwanza, ubao baadae. Msimu wa karafuu naingia na kikonyo cha karafuu mbichi, wanapokezana wananusa, basi kila mmoja ana lake, jana tumechambua mpaka usiku, mara mvua ikaja tukakimbilia majamvi. Nasikiliza, nachukua sentensi moja kama mtoto alivyoitamka: Bibi anaanika karafuu.

Hatua ya 2. Iandike kubwa kwenye katoni, isomeni pamoja, kidole kinafuata neno. Wengi washazoea herufi za Kiarabu za chuoni, kule wanakosoma Kurani, wanaanzia kulia, kwa hiyo ukimuona mtoto anaanza upande huo usimgombe, kashajua kusoma kabla hajaja skuli huyo! Tia nukta kubwa kushoto, mwambie hapa ndo pa kuanzia.

Hatua ya 3. Kata maneno matatu, vuruga, wapange tena. Halafu kata silabi, kila silabi kofi moja, bi-bi a-na-a-ni-ka ka-ra-fu-u, makofi 11. Hapa kaeni sana msikimbie, maana watoto wengi wanaandika "ananika karafu", mdomo unapita haraka na irabu ya pili inapotea. Mie simwambii umekosea. Namwambia piga makofi ya karafuu, anapiga manne, hesabu vipande vyako, vitatu, sasa kimoja kiko wapi? Anakitafuta mwenyewe mpaka chini ya jamvi na akishakiweka hakisahau.

Hatua ya 4. Vipande vilevile vitoe maneno mapya. Watapata kaka, nani, ana. Kuna mtoto mmoja wa kike, mkimya sana, alikuwa na ka, ra na fu mbele yake, akaitoa fu akaiweka mwanzo, midomo inacheza tu, halafu akaniangalia akasema, "Mwalimu, fukara!" Darasa zima likaja kuangalia, na siku ile alinyoosha mkono mpaka kengele ikalia.

Hatua ya 5. Kuandika. Kwanza kwa kidole kwenye mchanga, kikiharibika unafuta kwa kiganja, ndo daftari linafuata. Kila mtoto abadilishe neno moja au mawili awe na sentensi yake, Mama anaanika dagaa, Babu anaanika nazi. Ukisahihisha chagua kitu kimoja tu, kama wiki hii ni irabu mbili basi ni irabu mbili, herufi kubwa ziacheni wiki ijayo, kwa sababu daftari likijaa wino mwekundu mtoto analificha.

Hatua ya 6. Kusanyeni karatasi zao, zishoneni kwa uzi, ganda liwe la katoni. Kila siku mtoto mmoja anaondoka nacho kitabu akawasomee wa kwao. Kikirudi kina alama ya mafuta ya nazi msimuulize, badilisheni ganda apewe mwengine.