Somo: Safari ya kupiga mbizi Ngazija, hesabu siku kuanzia mwisho

Ndugu wanachama, salaam. Tangu nirudi kutoka Komoro simu yangu haijatulia: ilikuwaje, unapitia wapi, mtu wa Kampala ataanzaje? Naandika yote mahali pamoja. Nimetumia Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotuunganisha sisi wa Entebbe na wenzetu wa Bombo, Arua na Jinja, na hata huko tuendako kitatufaa.

Ngazija ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro. Kusini mwake umekaa mlima Karthala, volkano yenye urefu wa mita 2,361, na bado iko hai: ililipuka mara mbili mwaka 2005, ikarudia 2006 na 2007. Mtu wa Kisoro akishuka pale hatajiona mgeni, maana mawe ni yale yale meusi yenye vitundu yanayojengewa nyua kwao. Tofauti ni kwamba ya Ngazija yanaingia moja kwa moja baharini. Ukiogelea kidogo tu kutoka ufukweni, sakafu inakatika ghafla na mbele yako unaona ukuta wa mawe uliovikwa matumbawe, chini yake buluu tupu. Halafu maji ni maangavu ajabu. Kisiwa hakina mto wa kudumu hata mmoja. Mvua ikinyesha inanyonywa na mawe ya volkano, kwa hiyo hakuna tope linaloteremka baharini. Sisi tuliozoea Ziwa Victoria, ambako ukinyoosha mkono unaweza usivione vidole, tunaduwaa.

Hatua ya 1: Andika siku ya ndege ya kurudi, kisha rudi nyuma

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Ukipumua hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni inayeyuka ndani ya damu na nyama. Kadiri unavyokwenda chini na kukaa sana, ndivyo inavyoingia nyingi. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi, lakini haiishi siku hiyo hiyo. Sasa ukienda mahali pa juu, ambako mkandamizo wa hewa umepungua, iliyobaki inaweza kugeuka viputo. Aliyewahi kubeba pakiti ya krispi kutoka Mombasa mpaka Kabale anajua inavyofika imevimba kama mto wa kulalia. Hewa ya ndani haikuongezeka. Ya nje ndiyo iliyopungua. Fikiria jambo hilo likitokea kwenye viungo au kwenye uti wa mgongo.

Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400. Ndiyo maana mpiga mbizi anashauriwa kungoja angalau saa 12 kabla ya kuruka ikiwa alizama mara moja tu, na saa 18 ikiwa alizama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Mimi naweka saa 24 na sipunguzi.

Wengi wanakumbuka ndege na kusahau mlima. Kilele cha Karthala ni juu sawasawa na hewa ya ndani ya ndege! Kampuni iliyonipangia safari, ya hapa hapa Kampala, iliniandikia ratiba nzuri kwa macho: mbizi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, Karthala usiku wa kuamkia Jumapili, ndege Jumatatu. Jumamosi mchana tuko mashuani, maji yananidondoka bado, kiongozi wetu wa mbizi akaviona viatu vya mlima vinachungulia kwenye mfuko wangu. Akauliza, "Hivi vya lini, dada?" Nikamwambia saa nane usiku. Hakusema kitu. Alichukua daftari langu la mbizi, akalifungua kwa vidole vilivyolowa, akahesabu mbizi moja moja mpaka sita, kisha akahesabu saa: kumi na mbili tu. Akalifunga akanirudishia na kusema, "Mlima huo utauona kutoka hapa." Malipo ya kiongozi wa mlima yakapotea. Nashukuru yalipotea fedha tu.

Kwa hiyo panga hivi. Ndege yako ni Jumanne mchana? Mbizi ya mwisho iwe imekwisha Jumapili adhuhuri. Jumatatu ni siku kavu. Mbizi zinakaa katikati ya safari, na Karthala unaupanda mwanzoni kabisa, kabla hujalowa. Ukishuka mlimani pumzika siku nzima, unywe maji mengi, ndipo uzame. Vindege vidogo vya kwenda visiwa jirani vya Mwali na Nzwani navyo ni ndege, vihesabu.

Na wale mnaojifunzia Diani, pwani ya Kenya, na kurudi kwa basi, hili ni lenu pia. Njia ya Malaba kupitia Eldoret inapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Hapo ni juu kuliko hewa ya ndani ya ndege. Msipande basi la jioni mkiwa mmezama asubuhi.

Hatua ya 2: Jifunze kabla ya kukata tiketi

Cheti cha kwanza kinakuruhusu kufika mita 18. Masharti ya kuingia kozi si makali: uogelee mita 200 bila kushindana na saa, uelee dakika 10. Mnaotaabika na hili, bwawa lolote la Kampala litawatosha kwa mazoezi. Kisha kuna masomo ya bwawani na mbizi nne baharini. Fanyeni pwani ya Kenya au Zanzibar, msiende kujifunzia Ngazija. Kuta zile hazina sakafu ya kumpumzisha mwanafunzi. Ukishika mita 18, chini yako kuna mita mia na zaidi, na maji maangavu yanakudanganya kwamba bado uko karibu na juu. Tazama kipimo chako mara kwa mara kuliko unavyotazama samaki.

Hatua ya 3: Daktari, kadi ya njano, bima

Chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, basi usingoje wiki ya safari. Malaria ipo Komoro, na hapa kuna neno ambalo daktari asiyejua mambo ya mbizi anaweza kulipita: dawa ya kinga iitwayo mefloquine haimfai mpiga mbizi, maana inaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi vinavyofanana na dalili za ugonjwa wa viputo. Mwambie waziwazi kuwa unakwenda kuzama, akupe nyingine.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi mbizi. Soma maandishi madogo. Shirika la DAN la kusini mwa Afrika ni la wapiga mbizi hasa, lina uanachama wenye bima na watu wa kupokea simu za dharura. Kabla hujamlipa mwenye kituo muulize: una oksijeni mashuani? Chumba cha mgandamizo, kile cha kutibia ugonjwa wa viputo, kilicho karibu kiko wapi, na mgonjwa anafikishwaje huko? Akijibu kwa kusitasita, tafuta mwingine.

Hatua ya 4: Msimu na njia

Kusi, kuanzia Mei mpaka Oktoba, ni kipindi cha ukavu na baridi kidogo. Kuanzia Julai mpaka Oktoba nyangumi wanapita na vitoto vyao, hasa upande wa Mwali. Mimi niliwasikia chini ya maji kabla sijawaona juu. Kaskazi inaleta joto, mvua na hatari ya vimbunga. Kenneth ilipita Aprili 2019, Chido Desemba 2024.

Kutoka Entebbe unapitia Addis Ababa au Dar es Salaam, unatua Hahaya, kaskazini mwa mji wa Moroni. Viza unaipata uwanjani.

Hatua ya 5: Mizigo na fedha

Mitungi, mikanda ya uzito na fulana za kuelea, kodi huko huko. Beba mwenyewe miwani inayokukaa vizuri usoni, kompyuta ya mbizi inayokuhesabia kina na muda, na puto la kuinua juu ili mashua ikuone. Maji ni ya vuguvugu, nguo ya mpira ya milimita 3 inatosha, ila iwe ndefu: mawe ya volkano yanakata ngozi kama kiwembe.

Beba yuro taslimu. Yuro moja ni kama faranga 492 za Komoro, na kiwango hakichezi kwa sababu faranga imefungwa kwenye yuro. Shilingi yetu haina mnunuzi kule. Ni nchi ya Kiislamu, kwa hiyo ukitoka ufukweni jisitiri, na salamu iwe ya kwanza.

Hatua ya 6: Mita 10 za mwanzo

Shinikizo linaongezeka maradufu kutoka juu mpaka mita 10. Hakuna tena mita 10 zenye badiliko kubwa hivyo. Bana pua, puliza polepole, kila mita moja, kabla sikio halijauma. Likiuma, panda kidogo ujaribu tena. Niliwahi kuzama Diani nikiwa na mafua kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulipa. Nilipotoka, ndani ya miwani mlikuwa na damu, na sikio la kushoto liliziba wiki mbili. Ukiwa na mafua, kaa mashuani.

Maswali ya wanachama

*Afande mmoja wa Jinja: Mimi nimeogelea Nile tangu utotoni na nazuia pumzi dakika mbili. Hiyo kozi ya nini?*

Afande, heshima yako. Hiyo pumzi ya kuzuia ndiyo itakayokudhuru. Hewa uliyovuta mtungini kwenye mita 10 inakuwa mara mbili ukifika juu. Ukiizuia mapafuni huku unapanda, mapafu yanapasuka. Kozi itakufundisha kupumua bila kukoma na kupanda taratibu, mita 9 kwa dakika, kisha kusimama dakika 3 kwenye mita 5. Ustadi wako wa mtoni utakusaidia kutulia, na utulivu ni nusu ya kazi.

*Dada wa Kalangala: Kwa nini tusifanyie mazoezi ziwani kwetu, Ssese?*

Dada, ningependa sana jibu liwe ndiyo. Lakini ziwa lina kichocho na mamba, huoni mbele, tena liko mita 1,134 juu ya bahari. Majedwali ya kawaida ya mbizi, yanayokuambia ukae chini muda gani, yametengenezwa kwa usawa wa bahari. Ziwani unahitaji hesabu nyingine na mwalimu aliyesomea mbizi za mahali pa juu. Si mahali pa kuanzia.

*Mama wa Bombo: Binti yangu anavaa hijabu. Ataweza?*

Ataweza, mama. Nguo ya mpira inafunika mikono na miguu, na ipo kofia yake ya kufunika kichwa na shingo. Wengine huvaa vazi jepesi juu yake. Ahakikishe tu miwani inagusa ngozi pande zote, kitambaa kikiingia chini yake maji yanapenya. Na kama ni mjamzito, angoje mpaka ajifungue.

*Mwalimu kutoka Mbarara: Nina pumu ya utotoni, siku hizi hainisumbui.*

Mwalimu, usiamue peke yako, na usiifiche kwenye fomu. Nenda upimwe mapafu na daktari anayefahamu mbizi. Wapo wanaoruhusiwa na wapo wanaokataliwa.

*Kijana wa Ntinda: Nikianza kuumwa viungo nikiwa nimeshafika Kampala je?*

Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida: dalili nyingi hujitokeza ndani ya siku ya kwanza. Nenda hospitali yenye oksijeni mara moja, utamke kwamba ulikuwa unapiga mbizi, na pigeni simu ya dharura ya bima yako. Usinywe panadol ukalala, na usisafiri kwenda Kabale kumwona mtu.

*Mzee wa Entebbe, mvuvi mstaafu: Nasikia huko kuna samaki wa zamani sana. Utatuonyesha picha?*

Mzee wangu, huyo ni gombessa, ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili kujulikana alitoka Komoro: Desemba 1952, mvuvi Ahamadi Abdallah alimpata Nzwani kwa mshipi, na wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Mchana hujificha kwenye mapango ya volkano, kina cha mita 150 mpaka zaidi ya 200, kwa hiyo sisi wa mita 18 hatumfikii, na anayejaribu anajiua. Lakini yupo mmoja aliyehifadhiwa katika makumbusho ya Moroni, mkubwa, mwenye magamba mapana na mapezi manene kama vikono. Nilimwona kwenye siku yangu kavu. Picha nitakuletea mwenyewe nyumbani, Jumamosi.