Kondomu imepasuka Jumamosi usiku: PEP na saa 72 zako

Kondomu ikipasuka, au ikiwa hamkuvaa kabisa, wengi hukimbilia duka la dawa kununua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Mimba inaogopwa kuliko VVU, hata huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa wenye miaka 15 na zaidi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ilhali kwa nchi nzima ni 4.4. P2 imeze, tena mapema, lakini haigusi VVU. Kinachozuia virusi visijikite mwilini baada ya tukio ni PEP, yaani dawa za dharura za kukinga VVU, nayo inatolewa kituo cha afya au hospitali baada ya kupimwa.

PEP inaanzwa ndani ya saa 72, na saa hizo zinahesabiwa kuanzia tendo lenyewe. Lililotokea Jumamosi saa 4 usiku, mwisho wake ni Jumanne saa 4 usiku. Usiichukulie 72 kama ruhusa ya kusubiri. Virusi huingilia kwenye utando laini wa uke, uume au njia ya haja kubwa, na ndani ya siku chache hufika kwenye tezi. Vikishajificha ndani ya seli za kinga, PEP haiwezi kuving'oa. Kidonge cha saa ya 6 kina nguvu kuliko cha saa ya 60. Kama unaishi ndani ndani huko Makete au Ludewa na mvua zimeharibu barabara, panda gari la kwanza la asubuhi, maana ukilikosa siku nzima imekwenda.

Kabla ya kuondoka, nawa kwa nje kwa maji, basi. Usijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala chumvi: vinachubua, na mchubuko ndio mlango wenyewe. Usiazime ARV za ndugu. Utamvurugia dozi zake, na wewe utaanza dawa bila kujua hali yako. Mwanaume aliyetahiriwa naye aende: tohara inapunguza hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, na asilimia iliyobaki si ndogo. Aliyebakwa asioge kwanza. Nguo za siku ile ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki inatunza unyevu na kuharibu ushahidi, na matibabu yasisubiri PF3, ile fomu ya polisi. Kama kilichotokea ni kubusiana tu, kula sahani moja au kutumia choo kimoja, PEP haihitajiki.

Jumapili nyingi za CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo ya VVU, zimefungwa. Ukikuta kufuli usirudi nyumbani, nenda mapokezi ya dharura ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, au Rufaa ya Kanda kwa aliye Mbeya mjini. Mwombe daktari wa zamu akuanzishie dozi za kwanza, halafu Jumatatu umalizie CTC. Dirishani sema hivi: "Shikamoo daktari. Nimejihatarisha na VVU jana usiku, naomba PEP." Ukisema unaumwa tumbo kwa sababu ya aibu, utapimwa malaria, utapewa dawa za tumbo, na saa zinazidi kwenda. Wapo watakaokwambia PEP ni ya waliobakwa au ya manesi waliochomwa sindano tu. Usibishane hapo, omba kumwona msimamizi wa CTC.

Utapimwa VVU papo hapo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe bila mzazi. Majibu yakiwa chanya maana yake maambukizi ni ya zamani, na utaanzishiwa tiba kamili badala ya PEP. Yakiwa hasi, unaanza dawa. Vipimo vya figo, homa ya ini na ujauzito vitachukuliwa pia, ila kidonge cha kwanza hakisubiri majibu ya maabara. Ukimjua mwenzako, mshawishi naye apime. Kama anatumia ARV na kipimo cha hivi karibuni kinaonyesha virusi havigunduliki, haambukizi kwa ngono, na huenda usihitaji dawa kabisa.

Mara nyingi dawa ni kidonge kimoja kwa siku, chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kwa siku 28. Chagua saa moja na uishike. Kichefuchefu na kichwa kuuma hutokea wiki ya kwanza, halafu hupungua. Usiku usingizi ukigoma, mweleze mtoa huduma na uhamie asubuhi. Ukisahau, meza unapokumbuka, lakini usimeze viwili kwa pamoja. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zinazuia dolutegravir isifyonzwe: meza PEP saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu vinafanya vivyo hivyo, isipokuwa ukivimeza pamoja na PEP kwenye mlo.

Wapo wanaoacha katikati, na sababu si madhara tu, ni ile chupa pia. Ukiwa bwenini au mmepanga wawili chumba kimoja, kila ukiisogeza inapiga kelele na kila mtu anajua ni vidonge gani. Jaza pamba juu ya vidonge, kelele inakwisha. Usivihamishie kwenye karatasi, kwa sababu unyevu unaviharibu. Chupa ikiwa ya vidonge 30, 2 vitabaki: virudishe kliniki, usimgawie rafiki.

Rudi kupima wiki ya 6 na mwezi wa 3, na katikati hapo tumia kondomu kila mara. Usijipime kwa kipimo cha mate cha JIPIME ukiwa bado kwenye dawa, kinaweza kukudanganya kwamba uko salama.

Halafu jiulize kwa nini ilipasuka. Kondomu mbili zikivaliwa pamoja zinasuguana na kuchanika. Vaselini na mafuta ya nazi yanaudhoofisha mpira, tumia kilainishi cha maji. Iliyokaa kwenye waleti miezi kadhaa imeshachoka kwa joto. Pakiti haifunguliwi kwa meno, na ncha ibanwe ili hewa itoke wakati wa kuvaa. Ikichomoka badala ya kupasuka, mara nyingi tatizo ni kuchelewa kutoka: shika shina lake na utoke uume ukiwa bado umesimama.

Ukijikuta unaomba PEP kwa mara ya pili ndani ya miezi michache, muulize mtoa huduma kuhusu PrEP, inayomezwa kabla ya hatari. Inaweza kuanza mara tu baada ya kidonge cha siku ya 28, ukishapimwa na kukutwa huna VVU.