Different, various au distinct? Jinsi ya kuchagua neno la tofauti kwenye Kiingereza

Nimetoka kumsaidia binamu yangu kunyoosha barua ya skolashipu, kila aya different, different, different. Wengi mnakwama hapo hapo kwa hiyo naziweka hatua tulizofuata.

1. Tafuta kila different uliyoandika. Zingine futa tu, three different countries na three countries mara nyingi ni kitu kile kile.

2. Hapa ndo penye kazi. Kabla hujafungua kamusi jiulize, nalinganisha au nasema aina ni nyingi? Sisi tukisema "nimefanya kazi tofauti" inabeba yote mawili, ndo maana tunachanganya. Kama unamaanisha mbalimbali, andika various, na nomino yake iwe wingi, various jobs, wala usitangulize very. Several ni idadi tu, zaidi ya mbili ila si nyingi sana, haisemi kama vitu vinafanana au la. Diverse inataka mchanganyiko ndani ya kundi, a diverse team, ukisema my brother is diverse msomaji atashangaa. Distinct ni pale mpaka uko wazi, Kiamu and Kiunguja are distinct dialects, na usiichanganye na distinctive ambayo ni kitu kuwa na alama yake ya kukitambulisha, cloves have a distinctive smell. Disparate iache mpaka vitu vimeachana kabisa hata kuviweka pamoja ni shida, mashati mawili ya rangi mbili hayajafika huko jamani, na kwenye barua ya skolashipu watu wanaitumbukiza ili waonekane wamesoma, inaharibu sentensi nzima.

3. Neno linalofuata. Different from inakubalika kote. Marekani utasikia pia than, Uingereza to, ila kwenye mtihani baki na from. Angalia pia differ with, hiyo ni kutokubaliana na mtu.

4. Hakiki. Tafadhali achaneni na ile orodha ya visawe ya kubofya kulia kwenye Word, inakupa maneno bila kukwambia yanakaa wapi. Mimi natumia COCA, tovuti yenye hazina ya maandishi na mazungumzo ya Kiingereza cha Marekani, jumla maneno zaidi ya bilioni moja, unajisajili bure, unaandika distinct NOUN (hiyo NOUN iandike hivyo hivyo, maana yake nomino yoyote) halafu unaona nomino zinazopenda kuifuata, kama advantage na possibility. Nomino yako ikiwa haionekani kabisa, badilisha.

Ukifika hapa bado unasitasita, rudisha different yako, ni neno zuri tu na hakuna atakayekukata maksi kwa kuitumia mara mbili.