Hilux ya petroli kuwekwa dizeli ya 3L: panga breki na usukani kabla ya kuwasha injini

Mafundi wengi hapa Nairobi wakitoa injini ya petroli ya Toyota (22R) kwenye Hilux na kuweka ya dizeli (3L) huanza na maunti za injini, gia boksi na nyaya. Breki na usukani huachwa mwisho, wakati injini imeshanguruma na mwenye gari anapiga simu kila saa. Ndipo mpira wa buster (kifaa kinachouongezea mguu wako nguvu kwenye breki) unapochomekwa popote palipo na tundu. Mimi hupanga kazi kinyume: breki na usukani hupangwa na kufungwa kabla hata ya kufikiria ufunguo.

Sababu ni hii. Injini ya petroli ina kipepeo kwenye kabureta. Ukiachia mguu, kipepeo hufunga, pistoni huendelea kuvuta, na manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) hubaki na vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Buster huishi kwa vakyumu hiyo. Dizeli kama 3L haiongozwi kwa kubana hewa, inaongozwa kwa kiasi cha mafuta kinachotiwa na pampu ya dizeli. Hewa yake huingia wazi. Ukiunganisha buster na manifoldi hiyo hupati msaada wowote, na injini ikiwa na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani) ndiyo mbaya zaidi, maana hapo manifoldi inasukuma badala ya kuvuta. Pedali itakuwa ngumu kama jiwe.

Hatua ya 1: Nunua injini na vyombo vyake

Ukienda Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan) au Kariobangi Light Industries, utaonyeshwa injini iliyovuliwa nguo. Altaneta na pampu ya usukani zimewekwa kando ziuzwe peke yake. Kataa mpango huo. Altaneta ya 3L ina pampu ya vakyumu mgongoni, na hiyo ndiyo breki yako. Dai pia mabano yake, bolti za banjo (zile zenye tundu la kupitisha oili), bomba la oili na mpira wa kurudisha oili. Upande wa usukani, dai pampu, bano, puli, chupa ya mafuta na vichwa vya hozi hata kama hozi yenyewe imekatwa. Vichwa hivyo utavihitaji hatua ya 6.

Zungusha altaneta kwa mkono, usikie kama inakwaruza. Soma kibandiko cha volti: injini iliyotoka kwenye lori ndogo inaweza kuwa na altaneta ya volti 24, na Hilux yako ni ya 12.

Hatua ya 2: Jaribu nafasi

Funga altaneta na pampu ya usukani kwenye injini ikiwa bado chini. Weka rula ndefu iliyonyooka kwenye puli zote; belti ikipinda kidogo tu italia, halafu itakatika. Kisha ishushe injini bila nyaya na uangalie umbali wake na buster, masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) na boksi ya usukani. Acha nafasi isiyopungua milimita 25, kwa sababu dizeli hutikisika sana inapowashwa na kuzimwa. Bomba la egzosi likipita karibu na masta silinda, weka bati la kuzuia joto. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inaenda hadi sakafuni.

Hatua ya 3: Oili ya pampu ya vakyumu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini yenyewe: bomba jembamba huleta oili yenye presha, na mpira mnene huirudisha kwenye injini kwa uzito wake tu. Kwa hiyo mpira wa kurudisha lazima uteremke njia yote, usipande popote, usikunjwe, wala usibadilishwe kwa mwembamba. Oili ikikosa pa kutokea hujaa ndani ya pampu, na vile (mabapa yanayozunguka) vya ndani vinaweza kuvunjika. Tumia washa mpya za shaba kwenye kila banjo. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina oili kidogo ndani ya pampu, isizunguke kavu.

Hatua ya 4: Mpira wa buster

Buster ya petroli ibaki. Haijali vakyumu imetoka wapi. Nunua mpira wa vakyumu wenye ukuta mgumu. Wa mafuta au wa rejeta hunywea ukivutwa. Vali ya njia moja irudi kwenye mpira huo, ikiruhusu hewa kutoka kwenye buster kuelekea pampu. Ipulize kwa mdomo kujua upande wake. Ule mpira wa zamani wa kwenda manifoldi, utupe.

Hatua ya 5: Pima kwa geji

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina presha ya takriban kilopaskali 82, pwani ni 101. Maana yake, hata pampu kamilifu haiwezi kupita inchi 24 za zebaki (kipimo cha vakyumu kwenye geji) hapa. Vitabu vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari vitakwambia 25 au 27, na fundi asiyejua hili atatupa pampu nzima. Nikiona 20 au 21 injini ikiwa sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), nimeridhika. Chini ya 18 naanza kutafuta mahali panapovuja. Kumbuka pia kwamba nguvu ya juu kabisa ya buster hapa ni karibu moja ya tano pungufu kuliko Mombasa, na Limuru inapungua zaidi.

Bila geji: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu, shikilia, halafu washa. Pedali lazima izame kidogo.

Kama ulilazimika kusogeza mabomba ya breki, tengeneza mapya kwa bomba la breki la milimita 4.75, si lile la shaba la friji. Nati za Kijapani ni M10 kwa 1.0. Ya Kiingereza ya inchi 3/8 huingia mizunguko michache ikakudanganya. Ikikaza mapema, itoe. Kisha toa upepo kuanzia gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda.

Hatua ya 6: Usukani

Tumia pampu ya 3L, usihamishe ya petroli. Dizeli huzunguka polepole, na pampu ya petroli inaweza kukosa mtiririko wa kutosha ukiwa unapaki. Boksi ya usukani ya gari inabaki, hivyo hozi ya presha itakuwa na kichwa cha 3L upande mmoja na cha Hilux yako upande wa pili. Peleka vichwa vyote viwili Industrial Area kwa watu wa hozi za haidroliki wazibane kwa mashine. Klempu za kukaza kwa bisibisi ni za hozi ya kurudi pekee.

Jaza ATF (mafuta ya gia za otomatiki) ya Dexron. Inua magurudumu ya mbele, geuza usukani mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, ukiongeza mafuta, hadi mapovu yaishe. Ndipo uwashe. ATF isiguse kamwe chupa ya breki: raba zote zitavimba, na utanunua masta silinda nyingine.

Hatua ya 7: Barabarani

Anza uwanjani, kisha barabara tambarare. Mteremko wa Mai Mahiu usubiri hadi uwe umekagua uvujaji gari likiwa na joto. Namba ya injini imebadilika, kwa hiyo mwenye gari aombe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ibadilishe kumbukumbu zake, na gari lipelekwe kukaguliwa. Mpe risiti ya injini mkononi siku anapochukua gari.