Kubadilisha tumbo la mfuko wa koti lenye bitana bila kugusa mdomo

Makoti mengi huletwa kwangu wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hukaa nchi kavu, na ndipo wanapokumbuka mfuko uliotoboka. Mchana Mwanza unatoa jasho, lakini usiku ziwani baridi inauma, na koti la mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja ndilo blanketi la mvuvi. Siku zingine ni madereva wa bodaboda: funguo, chaja, sarafu za 200 na 500, vyote mfuko mmoja.

Mafundi wengi hutia kiraka. Mimi sikitii. Kitambaa cha tumbo la mfuko, yaani ile sehemu ya ndani inayobeba vitu, huchoka chote kwa pamoja. Kiraka kitashika, halafu patatoboka pembeni yake na mteja atarudi amekasirika, tena ana haki. Badilisha tumbo lote. Lakini mdomo, yaani ile sehemu inayoonekana nje pamoja na kifuniko chake, usiufumue kabisa. Ulishonwa koti likiwa bado vipande bapa juu ya meza, kabla ya kutiwa bitana, kile kitambaa cha ndani cha koti. Ukiufumua leo hutaurudisha ulivyokuwa.

Toa vilivyopotea. Papasa pindo la chini la koti, mbele hadi mgongoni. Vitu vilivyopita kwenye tundu hukaa kati ya bitana na koti. Nimetoa humo hela, laini za simu, hata pete ya ndoa. Vitie kwenye bahasha na uandike jina la mwenye koti kabla hujashika wembe.

Tafuta mlango wa kuingilia kati ya bitana na koti. Geuza mikono ya koti, uangalie mshono wa bitana ndani yake. Makoti ya kiwandani mara nyingi yana sehemu ya kama sentimita 20 iliyofungwa kwa cherehani kutoka juu, mshono unaonekana wazi. Hapo ndipo kiwanda kililigeuza koti na kupafunga mwisho. Kwa koti jepesi la suti, fumua hapo. Kwa koti zito lenye pamba ndani usijitese kulivuta lote kupitia mkononi. Fumua mshono wa ubavuni wa bitana, usawa wa mfuko, sentimita 25 hivi. Fumua uzi mmoja mmoja. Ukivuta kwa nguvu bitana itachanika, na hapo utakuwa na kazi mbili.

Vuta tumbo nje. Kama limeshikizwa kwa utepe au uzi kwenye mshono wa mbele au wa ubavuni, kata hapo na utie alama ya chaki, kwa sababu utalirudisha palepale.

Kukata ndiko kwenye kazi. Tumbo lina pande mbili na hazilingani. Upande wa mbele umeshonwa moja kwa moja kwenye mdomo. Upande wa nyuma una kipande cha kitambaa cha koti lenyewe, kimewekwa ili mfuko ukifunguka usione kitambaa cheupe. Wanaojifunza hukata pande zote mbili sawa, wakaharibu kipande hicho, au wakaunga kitambaa kwa vipimo vya kubahatisha na mfuko ukajikunja ndani.

Fumua kwanza mishono ya ubavuni na ya chini ya tumbo, ukianzia chini kupanda juu. Kwenye kila mwisho wa mdomo utakuta kipembe kidogo cha kitambaa kilichoshikwa na mshono. Simama kabla hujakifikia, usikiguse. Sasa upande wa mbele, chora mstari sentimita 2 chini ya mshono wa mdomo, ukate hapo. Kinachobaki ni kisiki, na tumbo jipya litaota juu yake. Upande wa nyuma, acha kipande cha koti kizima na ukate sentimita 2 chini ya ukingo wake.

Vipande ulivyovikata usivitupe. Vipige pasi, uvilaze juu ya kitambaa kipya, uzi wa kitambaa ukienda juu chini. Kila kimoja kiongezee sentimita 2 upande wa juu: moja ni ya mshono mpya, nyingine inafidia kile kinacholiwa kwenye kisiki. Hapo kina cha mfuko kitabaki kilekile. Ncha za chini zikate mviringo, maana kwenye kona kali ndimo mchanga na sarafu hukaa na kusaga.

Kitambaa chenyewe kiwe marikani (kitambaa kigumu cha pamba) au tetroni nzito (yenye poliesta). Marikani iloweke maji ya moto na uikaushe kabla ya kukata, inasinyaa sana. Mabaki ya bitana usitumie hata kama rangi imefanana. Yanateleza na yanaachia kwenye mshono.

Shona. Unga kila kipande kwenye kisiki chake, laza mshono kuelekea chini, upige mstari wa pili juu yake. Kisha kutanisha pande mbili, anza juu ya mshono wa zamani karibu na kipembe, zunguka hadi upande wa pili. Rudia mstari mwingine milimita 4 nje ya wa kwanza. Mishono iwe mifupi, milimita 2 inatosha.

Kabla ya kufunga, rudisha tumbo ndani na utie mkono. Chini ya tumbo kuwe na sentimita 3 hivi kabla ya kufika pindo la koti; likizidi, litachungulia. Mwenye bodaboda humpunguzia kina kidogo ili afikie chenji bila kuvua glavu.

Funga. Shikiza tumbo pale ulipotia chaki, kwa kulegeza. Bitana ifunge kwa mkono, sindano ipite ndani ya mkunjo wa huku kisha wa kule, uzi usionekane. Usiivute ikakaza: bitana hukatwa kubwa kuliko koti kwa makusudi, ikikaza koti litajikusanya mbele. Pasi iwe ya uvuguvugu, juu ya kitambaa chenye unyevu, hasa kama bitana ni ya nailoni.

Mwenye koti akija, mwambie alivae hapo hapo, atie mkono mpaka chini ya mfuko, ndipo umkabidhi na bahasha yake.