Kulima Soya Katika Udongo Uliochoka na Wenye Tindikali

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hasa Ruvuma na Njombe, yako mashamba yenye udongo mwekundu wenye kina na mvua ya kutosha, lakini mahindi yakiwa bado machanga majani yake hugeuka zambarau na kudumaa. Hiyo ni dalili ya upungufu wa fosforasi, na mara nyingi nyuma yake kuna tindikali: pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka udongoni, huumiza mizizi na kuifunga fosforasi isifikie mmea. Soya inaweza kustawi katika shamba la namna hiyo, ilimradi mkulima ashughulikie kwanza mambo ya chini ya ardhi.

Pima udongo kabla ya kununua chochote. Ikiwa pH iko chini ya 5.5, mwaga chokaa ya kilimo, kisha ichanganye na udongo kwa jembe wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kiwango hutegemea vipimo, ingawa kinachotajwa mara nyingi ni tani 2 kwa hekta, yaani takriban kilo 800 kwa ekari. Kwa fosforasi, mfuko mmoja wa kilo 50 wa TSP, mbolea ya viwandani yenye fosforasi nyingi, unatosha ekari moja. Fosfeti ghafi ya Minjingu, yaani mwamba wa fosforasi uliosagwa, nayo inafaa, lakini huyeyushwa na tindikali ile ile ambayo chokaa huiondoa. Kwa hiyo si busara kumwaga vyote viwili kwa pamoja katika msimu mmoja. Fedha ya urea, mbolea ya naitrojeni, ni heri uielekeze kwenye mbegu bora, kwa kuwa soya iliyopewa naitrojeni nyingi huacha kujitengenezea yake.

Naitrojeni hiyo hutengenezwa na bakteria wa rhizobia wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi. Shamba ambalo halijawahi kulimwa soya huenda likawa na bakteria wachache wanaoifaa, na ndiyo sababu mbegu huchanganywa na unga wa bakteria kabla ya kupandwa. Fanya kazi hiyo kivulini: lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari, nyunyiza unga kwa kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti, geuza taratibu mpaka kila punje ipate utando mweusi, halafu panda siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu. Jua kali huwaua bakteria hawa, na mbolea ikiwagusa huwadhuru pia. Kwa hiyo tia TSP kwenye mfereji, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu juu yake.

Mbegu ya soya hupoteza uotaji upesi kuliko maharage. Otesha punje 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, na zikiota pungufu ya 80, tafuta mbegu nyingine au ongeza kiasi. Acha sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashimo, kina kiwe sentimita 3 hadi 5. Palilia mapema, kabla soya haijafunika ardhi.

Mimea inapoanza kutoa maua, chimba michache kwa uangalifu, suuza mizizi, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Rangi ya waridi au nyekundu ndani yake inaonyesha kwamba bakteria wanafanya kazi. Kijani au kijivu maana yake bakteria hawafanyi kazi, na mmea unajitafutia naitrojeni wenyewe. Nawasihi wakulima wasiruke hatua hii, kwani ndiyo inayoeleza kama tatizo la shamba lenye majani ya njano ni bakteria au ni kitu kingine.

Vuna majani yakishapukutika na maganda yakiwa ya kahawia, kabla hayajaanza kupasuka yenyewe. Kata mashina kwa mundu badala ya kuyang'oa, ili mizizi na vinundu vyake vibaki shambani, na baada ya kupura rudisha makapi pale pale yatakapopandwa mahindi msimu unaofuata.